Maneno ya Bibi kwenye Kompyuta ya Betri Mbili

Juzi binti yangu alirudi kutoka chuoni na kompyuta mpya. Aliitoa kwenye mkoba kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika andazi, akaibwaga juu ya meza ya chakula bila hata kutazama anaiweka wapi. Nyembamba kama sahani. Nikamwambia aishike vizuri. Akacheka, "Mama, hizi si za kuogopwa tena," akaendelea kutafuna andazi lake. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Nilimkumbuka baba yangu, nikaikumbuka Wawi, na miaka ile ambayo sipendi kuwasimulia wanangu kwa sababu kila nikianza huniuliza maswali yenye majibu marefu kuliko subira yao. Basi wacha nikusimulie wewe.

Nyumba yetu ilikuwa Wawi, mwendo wa miguu tu kutoka Chake Chake kama hukubeba kitu kichwani. Tulikuwa watatu, mimi, baba na bibi mzaa baba. Mama yangu aliachika nikiwa mdogo, akaolewa Tanga, na sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya Chake. Alikuwa akiondoka asubuhi na shati lililonyooka, anarudi alasiri na mkate wa boflo uliofungwa gazeti. Mimi nilimngoja njiani, nikaupokea ule mkate, nikaubana kifuani mpaka nyumbani.

Halafu vikaja vyama vingi. Siwezi kukueleza siasa zake, maana nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, na hata leo sidhani kama nazijua. Ninachokijua ni vilivyoingia uani kwetu. Mlango wa jirani yetu ulitazamana na wetu, hatua kumi na tano, nimezihesabu mara nyingi. Jirani alikuwa na binti wa rika langu, na sisi wawili tulikuwa tukisuka ukili pamoja, tukila sahani moja, tukigombana na kupatana kabla kuku hawajaingia bandani. Baba alionekana kwenye mkutano wa upande mmoja. Mume wa jirani alikuwa mtu wa upande wa pili. Watu wakaanza kuchagua duka la kununua chumvi, wakachagua gari la kupanda, wakachagua hata harusi ya kwenda. Siku zile maiti nayo ilikuwa na chama.

Siku moja rafiki yangu hakuja. Nikaenda mimi. Mama yake alitoka mlangoni, akasema polepole, bila hasira yoyote, "Rudi kwenu, mwanangu." Angenifokea ningelia nikasahau. Ule upole wake ndio niliokaa nao.

Baada ya hapo baba alirudi siku moja saa nne ya asubuhi, wakati ambao mtu wa ofisi harudi nyumbani, na barua mkononi badala ya mkate. Barua ilisema kazi imekwisha. Haikusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Miezi michache baadaye akaenda Maskati kwa binamu yake, akapata kazi katika duka la kutengeneza mashine za ofisi. Alianza na taipureta, akaingia kwenye mashine za kunakili, mwisho akawekwa upande wa kompyuta, na huko ndiko akili yake ilikolala.

Likizo ya kwanza alikuja na kompyuta aliyoiita ya kusafiria. Ilikuwa na mkono wa kubebea kama cherehani, na aliposhuka nayo garini bega lake moja lilikuwa chini ya jingine. Bibi aliizunguka, akaigonga kwa kidole.

"Ya kusafiria vipi, mwanangu? Kwa gari la ng'ombe?"

Baba alicheka mpaka akakaa kitako barazani. Aliichomeka, ikaguruma kama paka, na kabla hajamaliza kutuonyesha umeme ukakatika. Wiki nzima ilikaa mezani imefunikwa kanga ya bibi, na baba akaondoka nayo ilivyokuja. Lakini aliniachia vitabu vya matangazo vya dukani kwao, vyenye picha za mashine za kila namna. Wasichana wengine walibandika ukutani picha za mabibi harusi. Mimi nilibandika kompyuta, kubwa kwanza, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, kufuata alivyonieleza.

Alinieleza kwamba huko mafundi wanashindana kuzipunguza. Kwanza waliondoa kioo kinene cha kama televisheni, wakaweka kioo bapa. Kisha wakaikunja ikafungwa kama kitabu, mtu akaweza kuipakata mapajani. Bado ilikuwa nzito. Wakauliza, kwani mtu akiwa safarini anahitaji kile kitundu cha kuingizia diski? Wakakitoa, kikawa kidude cha peke yake cha kuunganishwa kwa waya. "Kila wakitaka iwe nyepesi, kuna kitu lazima kibaki nyumbani," alisema baba, akaikoroga tena chai aliyokwisha kuikoroga.

Likizo ya pili aliitoa mfukoni mwa koti. Nasema mfukoni! Ilifunguka kama kesi ya miwani. Vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, na kioo chake cha kijivu hakikuwa na taa yake, hata ikabidi nikae kizingitini ili mwanga wa nje unisaidie kusoma. Ilitumia betri mbili ndogo, zile zile za redio ya mkono, ambazo bibi aliziita mawe, kama watu wengi wa rika lake. Bwana mmoja alikuwa ameileta dukani, akachukua mpya nyembamba ya kupakata, hii akaiacha. Tajiri wa duka akampa baba.

"Hino ni yako," baba akaniambia, na nilifurahi kwamba Maskati haijamtoa ulimi. "Ila ina kazi. Mama hajui kuandika herufi hizi, na mie barua za kupita mikono ya watu sizitaki siku hizi. Kila alasiri mwandikie anachotaka kuniambia. Usipunguze kitu. Nikija nitaunganisha waya, nivihamishe vyote kwenye mashine yangu, nisome mpaka nishibe."

Akanionya pia. Mashine ile haikuwa na diski. Kila neno lilikaa kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo haiishi bila umeme wa betri. Ndani kulikuwa na kibetri kingine, bapa na duara kama kifungo cha koti, chenye kazi ya kuyashikilia maandishi wakati nabadilisha zile mbili. Nisikiguse. Na nibadilishe moja kwanza, kisha ya pili.

"Utakuja lini?" nikamuuliza.

"Mwaka ujao, Inshaallah."

Kwa hiyo kila baada ya sala ya alasiri, bibi alitandika jamvi, akamwaga karafuu, tukakaa kuchambua. Wewe kama umekulia Pemba unajua kazi hiyo: unaukamata mkungu, unausokota kwenye kiganja, karafuu zinadondoka huku na vikonyo vinabaki kule, na baada ya saa moja vidole vinakuwa vyeusi na vinanata. Bibi alichambua, mimi nikachambua kidogo kisha nikafuta mikono na kuandika. Mafuta ya karafuu yaliingia kwenye vile vitufe, herufi ya K ikawa inagoma mpaka uibonyeze mara mbili. Ukiifungua mashine ile ilinukia kama ghala.

Bibi alizungumza na kile kidude kama vile baba amekaa humo ndani. "Mwanangu, mvua hino ya siku tatu imenivunjia karafuu. Mwanangu, kuku yule mweupe kachukuliwa na kipanga. Mwanangu, leo nimepika muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, nikakuwekea kipande nikakumbuka hupo." Mwanzoni niliyanyoosha maneno yake, nikaandika kama tulivyofundishwa skuli, mvua hii, mtoto huyu. Kisha akanitaka nimsomee. Alisikiliza, akaacha kuchambua.

"Nani yuno anayesema?"

"Wewe, bibi."

"Mie sisemi hivyo. Baba yako akisoma atadhani kaandikiwa na mwalimu. Weye andika kama ninavyotamka, makosa yawe yangu."

Nikaandika kama alivyotamka. Mwaka ukapita, baba hakuja. Akatuma salamu na msafiri kuwa atakuja mwaka unaofuata. Bibi akasema Alhamdulillahi, mzima, akamwaga karafuu. Mimi nilikuwa nimeanza kuongeza na ya kwangu chini ya maneno yake. Niliandika kuhusu gauni la Idi la rafiki yangu, ambalo nililiona kwa mbali, la rangi ya maji ya bahari. Niliandika namna tulivyokutana kisimani, tukateka maji kila mtu na ndoo yake, na hakuna aliyesema kitu. Siku nyingi ile mashine ndiyo iliyokuwa mwenzangu wa pekee asiyekuwa mtu mzima.

Ikafika wakati kila nikiifungua inaniletea mstari mmoja wa Kiingereza juu ya kioo. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu na kusalimia. Niliona neno la betri, nikabadilisha zile mbili, moja kwanza, kisha ya pili. Mstari haukuondoka. Nikauzoea, kama mtu anavyouzoea mlango unaolia.

Ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi zikaja siku ambazo watu hawakutoka nje ila kwa haja. Maduka yalifungwa. Umeme ulikatika. Vyombo vya kwenda Unguja havikuondoka. Mume wa jirani alikuwa Unguja amelazwa hospitali, tumbo limevimba, na mkewe alikuwa amekwama huku hana habari yake. Hayo tuliyasikia kwa midomo ya watu, maana watu wa nyumba zile mbili walikuwa hawajasemezana kwa miaka kadhaa.

Alasiri moja tukasikia hodi ya mlango wa uani. Bibi alikuwa anapepeta mchele.

"Karibu," akasema, kabla ya kujua ni nani.

Alikuwa jirani. Alisimama pale pale kwenye kizingiti cha jiko, ameshika redio ndogo, kifuniko cha nyuma kimefunguliwa.

"Bi mkubwa, nisamehe. Redio yangu imekufa na duka hakuna lililo wazi. Saa kumi wanasoma vifo." Akaigeuza redio mkononi. "Nataka kujua kama nimeshakuwa kizuka, kama eda imenianza."

Bibi akautua ungo chini. Akanigeukia mimi, si yeye.

"Toa mawe."

"Bibi, ni ya baba."

"Toa, mwanangu."

"Baba kasema nisiyatoe yote—"

"Baba yako yuko Maskati na afya yake. Yuno mwenzetu hajui kama mumewe yu hai. Toa."

Nilizitoa. Zote mbili kwa pamoja, kwa hasira. Nilijiambia kibetri cha kifungo kitayashika, kwani si ndiyo kazi yake? Nikampa jirani bila kumtazama.

Walikaa wawili kwenye jamvi, redio katikati. Msomaji alisoma majina kwa sauti moja, marehemu fulani wa shehia fulani, ameacha mke na watoto kadhaa, maziko kesho saa saba. Kila jina likianza, jirani alimshika bibi kifundo cha mkono, likiisha anamwachia. Mumewe hakutajwa. Siku ya pili alikuja tena, akaja na binti yake. Rafiki yangu alikaa pembeni yangu. Alikuwa amerefuka. Hatukujua tuanze wapi, basi tukaanza kuchambua karafuu za bibi, na baada ya muda akasema, "Una vidole vichafu," nikasema, "Na wewe pia." Basi. Siku ya tatu walileta na uji.

Chombo cha kwanza kutoka Unguja kilimleta mume wa jirani. Alishuka kwa miguu yake, mwembamba, suruali imefungwa kwa kamba. Kabla hajaingia kwake alipita kwetu, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi aliitikia, akamwambia akalale.

Maduka yakafunguliwa. Nikarejeshewa betri mpya. Nikakaa kizingitini, nikazitia, nikaifungua mashine.

Iliniuliza leo ni tarehe ngapi. Haikuwahi kuniuliza hivyo. Nikaiambia. Ikaniuliza saa. Nikaiambia. Kisha ikatulia, ikiningoja nianze, safi kabisa, kana kwamba imetengenezwa asubuhi ile. Nilitafuta. Nilizima nikawasha. Niliisogeza kwenye jua nikidhani ni kioo kimefifia. Kile kibetri cha kifungo kilikuwa kimekufa siku nyingi, na ule mstari wa Kiingereza ulikuwa ukinililia nifanye jambo. Miaka miwili ya bibi haikuwamo.

"Yamekwenda wapi?" bibi akauliza.

"Hayako popote."

"Basi, si maneno tu hayo? Nitayasema tena."

Lakini maneno hayasemwi tena. Alikaa, akaanza, "Mwanangu, ile mvua..." akanigeukia. "Nilimwambia nini ile siku ya mvua?" Sikukumbuka. Nilikuwa nikiandika ili nisilazimike kukumbuka. Tulipata kurasa chache tu mpya, kisha homa ikamlaza, na haikufika miezi mitatu baada ya ule uchaguzi bibi akafariki. Jirani ndiye aliyemwosha pamoja na wanawake wengine. Mume wa jirani alilibeba jeneza begani, ingawa mwili wake ulikuwa bado dhaifu kwa ugonjwa, na nyuma yake walikuwamo watu wa pande zote mbili. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo la watu kusimama kutazama.

Baba alipigiwa simu. Angefika baada ya siku kumi. Hizo siku kumi, msomaji wangu, nilizitumia vibaya. Niliingiwa na hofu. Kila alasiri, watu wakiwa barazani kwenye msiba, nilikaa chumbani kwa bibi nikaandika upya maneno yake kwa kubuni. Nilikuwa mwangalifu. Niliandika hino na yuno. Niliandika mvua, kuku mweupe, muhogo. Niliweka mwanangu mwanzo wa kila mstari.

Baba alikuja na kompyuta nyingine, nyembamba, ya rangi ya fedha, yenye kioo cha rangi zote na taa yake mwenyewe. Alikuwa na mvi. Alikwenda kaburini, akarudi, akala kidogo, kisha akaniuliza, "Yako wapi maneno ya mama?" Akaunganisha waya. Maandishi yakahama kutoka kwenye kioo kidogo cha kijivu kwenda kwenye kile cha rangi, haraka kuliko nilivyotegemea. Akakaa barazani akasoma. Alitabasamu kwenye kuku. Akaendelea, akaendelea, kisha akaacha.

"Nani kaandika haya?"

"Bibi alikuwa akisema, mimi nikiandika."

Aliigeuza mashine ili nione. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja. *Mwanangu, rudi nyumbani, mtoto wako yu peke yake.*

"Mama hakupata kuniomba nirudi," alisema. "Hata siku nilipopanda meli. Haya si yake. Haya ni yako."

Nikamwambia yote, betri, redio, vifo vya saa kumi, ule mstari wa Kiingereza. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alifunga kompyuta yake taratibu, akaishika mapajani kwa mikono miwili.

"Alikwambia utoe?"

"Ndiyo."

"Basi ulifanya vyema." Akaufuta mfuniko wake kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyechelewa. Nilidhani yataningoja."

Akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia. Nilimsogelea kidogo, si sana. Na nikangoja kitu kingine, nikangoja ajibu ule mstari wangu, kwa kuwa sasa alijua ni wangu. Hakuujibu. Baada ya arubaini alirudi Maskati, na mimi nikahamia kwa jirani, hatua kumi na tano. Nililala mkeka mmoja na rafiki yangu, tukawa ndugu, na bado kila alasiri nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa.

Baba alioa huko. Alikuja mara mbili nyingine, kila mara na mashine nyepesi zaidi, na kila mara akakaa siku chache zaidi ya zile alizokusudia, kisha akaenda. Simu zilipokuja alinipigia kila Ijumaa. Tuliulizana afya, tukaulizana mvua, tukamaliza. Jirani amekufa, na mumewe amekufa. Rafiki yangu yuko Mombasa na wajukuu. Nyumba ya bibi ilivunjwa, pakajengwa ya matofali na watu nisiowajua, na uani kwao hakuna karafuu. Watu wa Wawi wanasalimiana tena, wanazikana tena, na ukiwauliza ilikuwaje watakwambia, ah, yale yalikuwa ya zamani.

Wanangu huniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Mimi huwapa maneno yake. Nawaambia alivyokuwa akisema kuhusu mvua, na kuhusu kipande cha changu alichokiweka pembeni kwa mtu asiyekuwepo, na wao hucheka ninavyoigiza sauti yake. Lakini nikibaki peke yangu najiuliza. Kile kipande cha changu, alikisema kweli, ama nilikitia mimi katika zile siku kumi? Sijui. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kikauma. Aliyekuwa akiweza kuyatenga yake na yangu alikuwa mtu mmoja tu, na sikumuuliza alipokuwa hai. Amezikwa Maskati.